Kisima cha Stesheni, Mwaka wa Kiu

Nilipoingia kazi ya visima vya reli, mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na Dodoma ilikuwa haijastahili kuitwa mji. Palikuwa na boma la Wadachi, yaani Wajerumani, stesheni mpya, maduka machache ya Wahindi, na tembe zetu sisi Wagogo zilizotawanyika kila mahali palipofaa kulima uwele. Reli ilikuwa imekwisha kutupita, inaelekea magharibi, na wengi waliobeba mataruma ya kulazia reli waliondoka nayo. Mimi nilibaki kwa sababu ya kisima.

Gari moshi halifiki mbali bila maji, na kwetu maji hayakai juu ya ardhi. Wadachi walichimba kisima kipana karibu na stesheni, kirefu kuliko chochote ambacho babu zetu waliwahi kuchimba kwenye mchanga wa makorongo. Wakakijengea ukuta wa mawe na chokaa, na ukuta wote ule ukakalia pete nene ya mbao iliyolazwa chini kabisa. Watu walisukuma pampu kwa zamu kuyapandisha maji kwenye tangi la gari moshi. Yaliyozidi yaliteremka kwenye hori la mawe, na alasiri wafugaji waliruhusiwa kunywesha hapo.

Watu walidhani kisima kikishajengwa kazi imekwisha. Lakini ardhi husukuma. Inausukuma ukuta kutoka pande zote bila kupumzika, na ukuta usipoangaliwa, siku moja unashindwa. Kazi yangu na mwenzangu ilikuwa kujua mapema kwamba unaanza kushindwa.

Mwenzangu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, amenizidi umri kidogo, mwembamba, si mwepesi wa kucheka. Alijifunza uashi kwao milimani, akaja Dodoma na wafanyabiashara wa samli, akaona mawe yanajengwa vibaya, akabaki kuyarekebisha. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Hakula nyama niliyochinja mimi, kwa hiyo kuku wetu wote alichinja yeye, tukala pamoja nyumbani kwangu, mke wangu akimtania kwamba anapenda mlenda kuliko Mgogo.

Asubuhi tulianza na kandili. Tuliiwasha, tukaiteremsha kwa kamba hadi karibu na maji. Ikiwaka vizuri, tulishuka. Ikififia, hatukushuka, kwa maana kule chini kuna hewa nzito isiyo na harufu wala rangi, ambayo mtu akiivuta analegea kabla hajajua kwamba analegea. Tukishuka, tuliangusha timazi, uzi wenye risasi nchani, kutoka kwenye boriti ya juu, tukapima kwa ufito umbali wa ukuta kila upande. Tuligonga mawe kwa nyundo ya mti na kusikiliza. Mahali palipojaa palijibu kwa sauti nene, na palipokuwa na uwazi nyuma palilia kama chungu kitupu. Tukiona ufa, tulipaka juu yake kipande cha chokaa laini. Kipande hicho kikikatika kesho yake, tulijua ukuta unatembea.

Mdachi aliyesimamia visima alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza Kiswahili pwani, mwenye homa zisizokwisha. Alikagua visima vya stesheni nyingi, akaja kwetu mara kwa mara tu. Hakuwa rafiki yetu. Aliyekuwa bwana alikuwa bwana. Lakini alikuwa akishuka mwenyewe kisimani, na tulipomwambia jambo kuhusu ukuta, alisikiliza.

Mwaka huohuo, mvua za kwanza zilinyesha kidogo, uwele ukaota, kisha mbingu ikafungwa. Makorongo yakakauka hata wanawake wakachimba mchanga hadi kiunoni bila kupata unyevu. Mifugo ikaanza kuletwa kwenye hori letu kutoka mbali. Baba mkwe wangu alitoka upande wa Ipagala na ng'ombe wake, pamoja na mwanawe, shemeji yangu, kijana wa kiume aliyekuwa ameoa mavuno yaliyopita. Nilimpenda shemeji yule. Alikuwa na mzaha mwingi, na alikuwa akiwaita ng'ombe kwa miluzi tofauti, kila mmoja na wake.

Maji ya kisima nayo yakateremka. Mkuu wa stesheni akataka tuchimbe kwenda chini zaidi, haraka, kwa kuwa magari hayangoji. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Ukichimba chini ya pete inayobeba ukuta, unaunyima ukuta mahali pa kukalia. Inatakiwa uchimbe sehemu ndogo, ujenge chini yake, ungoje ikauke, ndipo uende sehemu nyingine. Tulifanya hivyo kwanza. Kisha zikaja amri, na wachimbaji wengine, na tukachimba kuliko tulivyojenga.

Siku moja mwenzangu alipanda kutoka chini, akakaa kando ya kisima bila kufuta tope mikononi.

"Chokaa yote imekatika," alisema. "Upande wa mashariki tumbo limetoka."

Nilishuka kutazama. Ukuta ulikuwa umevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino. Nilipoweka kiganja, mchanga ukawa unachirizika kutoka kati ya mawe, kidogo kidogo, hauachi. Na kandili niliyoshuka nayo ilikuwa na mwali mdogo wa njano. Kwa kuchimba, tulikuwa tumefungua mahali fulani palipotoa hewa ile.

Mdachi aliitwa, akaja kwa gari la mizigo. Alishuka, akakaa chini muda mfupi, akapanda akiwa amesawijika.

"Funga," alisema. "Pampu itolewe. Mtu yeyote asishuke mpaka nilete mbao za kutegemeza. Gari moshi litaletewa maji kwa mabehewa kutoka Kilosa."

"Na wenye ng'ombe, bwana?" nilimwuliza.

Alitazama hori, ambako ng'ombe walikuwa tayari wamesimama wakingoja, ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi. "Siwezi kuwapa maji ya gari moshi," alisema. "Na siwezi kuwapa kisima kinachoanguka." Akaondoka siku ileile.

Tulifunika mdomo wa kisima kwa mbao nzito na mawe juu yake. Mabehewa ya maji yakaja kweli, yakajaza tangi, na mkuu wa stesheni akakataza mtu yeyote kugusa bomba lake. Hivyo wafugaji walikaa kwenye vumbi, wakitazama tangi limejaa na kisima kimefunikwa. Nilikuwa nikipita katikati yao kwenda kazini. Hawakunitukana. Waliwavuta tu ng'ombe wao kando ili nipite.

Baba mkwe alikuja nyumbani kwangu. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kigoda, mke wangu akamletea maji ya kunywa katika kibuyu, yale machache tuliyogawiwa wafanyakazi. Aliyapokea, akanywa mafunda mawili, akarudisha yaliyobaki.

"Mkwe wangu," alisema, "ng'ombe niliopokea kwako, wale wa mahari, wawili wamelala na hawaamki. Sikuja kukulaumu. Nataka unieleze. Maji yamo au hayamo?"

"Yamo, baba."

"Basi mtu akiteremsha ndoo kwa kamba, pasipo kushuka?"

"Maji yaliyobaki ni tope, baba. Ndoo haizami. Lazima mtu awe chini ajaze kwa kata. Na kila kinachogonga ukuta kinauangusha."

"Umewahi kuuona ukuta umeanguka?"

"Huu bado."

"Kwa hiyo unafunga maji kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea."

Nilimweleza habari ya hewa, kwamba taa huzimika na mtu vilevile. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni anayesimulia habari za nchi asiyotarajia kuifikia. Aliponyanyuka, mke wangu alimsindikiza hadi njiani. Aliporudi alisema, "Baba amekonda." Kisha akaendelea kutwanga.

Mbao zilifika asubuhi moja kwa gari la mizigo. Mimi na mwenzangu tulikwenda stesheni kuzishusha, tukifurahi, kwa kuwa tulipanga kuanza kazi kesho yake. Tulikuwa tumezipanga nusu mtu mmoja alipokuja mbio kutoka upande wa kisima, akiniita kwa jina la baba yangu. Sikungoja aeleze.

Mbao za kufunika zilikuwa zimesogezwa. Wafugaji wawili walikuwa wameshika kamba inayoning'inia kisimani, wamelegea, hawajui waivute au waiache. Kamba ilikuwa nyepesi.

"Nani yumo?" niliuliza.

Walimtaja shemeji yangu. Alishuka na kata na ndoo, wakapandisha ndoo ya kwanza ya tope, wakamnywesha ndama. Alipiga mluzi wa kuomba ndoo irudishwe. Wakairudisha. Kisha hawakusikia kitu.

Nilipiga magoti mdomoni mwa kisima, nikamwita. Nilimwona kwa shida, ameegemea ukuta, kichwa kimeangukia kifuani kama mtu aliyesinzia kwenye ngoma. Nilianza kujifunga kamba kiunoni. Mwenzangu Mrangi aliikamata kamba ile kwa mikono miwili.

"Teremsha taa kwanza," alisema.

"Niachie."

"Teremsha taa."

Aliwasha kandili mwenyewe na kuiteremsha. Haikufika hata nusu. Ilizimika bila kutapatapa, kama mtu ameipuliza.

"Ukishuka sasa," aliniambia, "watakufa watu wawili, na wa tatu nitakuwa mimi, kwa sababu nitakufuata. Tuisafishe hewa kwanza."

Nilimsukuma kifuani. Hakurudi nyuma. Alikuwa mwembamba, lakini siku ile alikuwa kama amesimikwa pale. Basi nikafanya alivyosema. Tulikata matawi ya miti ya mikwata, tukayafunga mzigo, tukawa tunayashusha na kuyapandisha kisimani kwa nguvu ili hewa ivurugike. Mawe mawili yalichomoka upande wa mashariki, tukayasikia yakianguka kwenye tope. Mwenzangu akasema matawi hayatoshi, yanatakiwa maji, maji yakimwagwa kutoka juu yanashuka na hewa safi.

Nilikimbia kwenye tangi la gari moshi, nikafungua bomba.

Tulibeba ndoo kwa mikono, mimi na yeye na wale wafugaji, na kila ndoo tuliimwaga kisimani. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Waliyaona maji waliyonyimwa siku zote zile, safi, yanameta, yanamwagwa shimoni. Ng'ombe waliyasikia, wakaanza kulia na kusogea, ikabidi wazuiwe kwa fimbo. Mke wangu alifika na tumbo lake kubwa, ameshika kiuno. Alitazama ndoo, akatazama kisima.

"Ndugu yangu yumo humo?"

"Yumo."

"Na wewe unamwagia maji."

Nilijaribu kumweleza, ndoo mkononi. Maneno yalitoka ovyo. Hakulia. Alisimama karibu na mwenzangu na kumwambia taratibu, "Mwache mume wangu ashuke." Mrangi hakumtazama. Alikuwa akiteremsha kandili tena. Ilizimika. Tukamwaga tena, tukapiga matawi tena. Alipoiteremsha mara nyingine ilififia, ikatetemeka, ikabaki inawaka.

"Sasa," alisema, naye mwenyewe akanifunga kamba chini ya makwapa, akalikaza fundo kwa meno.

Nilishuka nikiwa nimekaza macho kwenye mwali ule ulioning'inia mbele yangu. Ukuta ulipita karibu na bega langu, umevimba, unachuruzika maji tuliyomwaga. Nilipogusa chini, tope lilinifika magotini. Shemeji yangu alikuwa na kata mkononi bado. Nilimfunga kamba ya pili, vidole vyangu vikawa vizito, nikahisi usingizi mtamu sana, usingizi wa baada ya kulima. Nilivuta kamba kama tulivyopatana. Alipanda yeye kwanza, miguu yake ikanigusa usoni alipopita. Kisha nikavutwa mimi. Nilikuwa nimefika juu, nimelala kifudifudi kwenye mchanga, nikasikia nyuma yangu sauti kama ya gunia la mawe linaloburutwa, kisha kishindo, na vumbi likatoka kisimani. Upande wa mashariki ulikuwa umeshuka wote, ukachukua boriti na mbao za kufunika.

Shemeji hakuamka. Mwenzangu alimgeuza, akambonyeza kifua, akampulizia hewa, akaendelea mpaka wazee wakamwambia aache. Baba mkwe alifika wakati tumekwisha kumfunika kwa kaniki. Alisimuliwa yote palepale, na kila mtu alimsimulia kwa namna yake, lakini wote walifika mahali pamoja: kwamba tulisimama juu tukimwaga maji, na kijana alikuwa chini. Hakunijia. Alikaa chini kando ya mwanawe, akaiweka mikono yake mapajani.

Mkuu wa stesheni aliamuru nichapwe viboko kwa ajili ya maji ya tangi, kwa kuwa gari la siku ile lilichelewa. Mdachi wa visima aliporudi aliambiwa, akasema kwamba yeye angefanya hivyohivyo, angefungua bomba. Alinitetea hivyo, viboko vikiwa vimekwisha kupigwa. Kisha akatuonyesha mahali pa kuchimba kisima kipya.

Mke wangu alipika, akanipakulia, akakaa mbali. Alijifungua mtoto wa kiume, na wanawake wa kwao walikuja kumwogesha, wakanipita mlangoni kama wanaopita nguzo. Mwenzangu alikuja na kuku aliyemchinja mwenyewe. Mke wangu alimpokea kuku, akashukuru, hakumkaribisha kuketi. Mwenzangu alisimama uani kidogo, akaondoka.

Mimi nilikuwa na hasira naye kuliko mtu yeyote. Tulijenga kisima kipya pamoja, tukasemezana habari za mawe na chokaa tu. Siku moja, tukiwa tunachanganya chokaa, nilimwuliza kilichokuwa kinaniuma.

"Tungeshuka mara ya kwanza, angepona?"

Aliendelea kugeuza chokaa. "Huenda angepona," alisema. "Huenda nawe ungekufa na yeye angekufa. Sikujua. Najua tu kwamba taa ilizimika."

"Mke wangu anasema ulinizuia kwa sababu hakuwa ndugu yako."

"Mwambie nilikuzuia kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

Sikumwambia mke wangu maneno yale kwa muda mrefu. Nilipomwambia, mwenzangu alikuwa amekwisha kurudi Kondoa, kisima kipya kimekamilika, na sikumwona tena, wala kabla ya vita ya Wadachi na Waingereza iliyotutawanya sote, wala baada yake. Mke wangu alisikiliza, akatikisa mtoto mgongoni, akasema, "Angeniambia mwenyewe siku ile alipoleta kuku." Nikaona kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mimi.

Mvua zilirudi msimu uliofuata. Uwele ulipokaribia kukomaa, baba mkwe alituma mtu kuniita. Nilikwenda alfajiri nikiwa na hofu, nikijua ng'ombe waliobaki walikuwa wachache na zizi lilikuwa kubwa kuliko wao. Alinipokea uani. Mama mkwe alibaki ndani kama desturi inavyotaka, lakini nilisikia akisonga ugali, nikajua napikiwa.

Baba mkwe alinichukua hadi korongoni, kwenye kisima chao cha zamani, kilichozungushiwa miti. Upande mmoja miti ilikuwa imeinama kwa ndani.

"Unaweza kukitengeneza?"

"Naweza, baba."

Alichuchumaa ukingoni, nami nikachuchumaa mbali kidogo naye. Tukakaa. Mbuzi walipita wakala, wakaenda.

"Ulipomfikia," aliuliza, "alikuwa amekwisha kufa?"

"Sijui, baba."

"Mwili ulikuwa wa moto?"

"Ulikuwa wa moto. Lakini mle ndani kila kitu kilikuwa cha moto."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Nadhani alikuwa amengoja kuona kama nitamdanganya ili nimtulize, au nijitulize mimi. Alinyanyuka akajipangusa mchanga, akaniuliza ni miti gani isiyooza upesi ndani ya maji. Nilimwambia mpingo, kama unapatikana. Akasema upo, lakini mbali, nyuma ya vilima vile, na kwamba tukiondoka wakati ule tungeufikia kabla jua halijawa kali. Akachukua shoka lake, akanipa la mwanawe.